Bwawa Nyuma ya Vituo vya Reli: Watoto wa London Wanavyofundishwa Maumbile kwa Mikono

Katika jiji la London, ambalo mwezi Julai 2019 lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya mjini ya kwanza duniani, yaani jiji ambalo bustani zake, mito yake, miti ya barabarani na hata vibaraza vya maghorofa huhesabiwa pamoja kuwa makazi ya viumbe na watu, yamo maeneo madogo ambayo hayapewi nafasi kubwa katika vitabu vya watalii, lakini ambayo familia yenye watoto ingefaa iyafahamu kabla ya kulifahamu Jumba la Buckingham. Maeneo hayo ni vituo vya maumbile vya watoto: viwanja vyenye bwawa, kichaka, nyasi ndefu na banda la kusomea, ambamo mtoto hupewa wavu na sinia, akapiga magoti ukingoni mwa maji na kuachiwa atafute mwenyewe. Makala hii inavichunguza vituo hivyo kwa kuwafikiria wasomaji wa aina mbili, ambao ni wazazi wanaozungumza Kiswahili na kulea watoto wao London, na wazazi na walimu walioko Afrika Mashariki, ambako jambo hilohilo linawezekana, na mahali pengine limekwisha kufanyika.

Kituo kinachostahili kutangulia ni Camley Street Natural Park, hifadhi ya ekari 2 hivi, ambayo ni kubwa kidogo tu kuliko kiwanja cha mpira wa miguu, iliyobanwa kati ya mfereji wa Regent's Canal na njia za reli nyuma ya vituo vya King's Cross na St Pancras. Treni zinazokwenda Paris hupita karibu nayo, majengo mapya ya ofisi yameizunguka, na mtu anaweza kuupita ukuta wake mara nyingi bila kujua kwamba nyuma yake kuna vyura. Katika karne ya 19 ardhi hiyo ilikuwa yadi ya makaa ya mawe, mahali ambapo makaa yaliyoletwa kwa reli kutoka kaskazini mwa Uingereza yalishushwa na kupakiwa kwenye mikokoteni ili yagawiwe kwenye majiko na viwanda vya mji mkuu. Matumizi ya makaa yalipopungua, yadi iliachwa, na kama ilivyo kawaida ya ardhi iliyoachwa, ilianza kujiotesha yenyewe: magugu, kisha vichaka, kisha miti, na pamoja nayo wadudu na ndege.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 eneo hilo lilikuwa limepangiwa kuwa maegesho ya mabasi. Shirika la London Wildlife Trust, ambalo lilianzishwa mwaka 1981 na wananchi waliotaka kuwalinda viumbe waliomo ndani ya jiji lenyewe badala ya kuwatafuta mashambani, liliungana na wakazi wa jirani kupinga mpango huo, na Baraza Kuu la London la wakati ule likakubali kwamba ardhi igeuzwe hifadhi. Bwawa lilichimbwa, miti ikapandwa, na mwaka 1985 milango ikafunguliwa kwa watoto wa shule. Haikuishia hapo, kwa kuwa mwishoni mwa mwongo huohuo mipango ya upanuzi wa reli iliitishia tena hifadhi hiyo, na wakazi wakalazimika kuitetea mara ya pili. Baadaye, wakati mtaa mzima wa King's Cross ulipokuwa ukijengwa upya, hifadhi ilifungwa kwa miaka kadhaa na kufunguliwa tena mwaka 2021 ikiwa na jengo jipya lenye darasa na mgahawa mdogo. Historia hii inaelezwa hapa kwa kirefu kwa sababu mgeni akiona pori dogo katikati ya jiji hudhani kwamba lilisahauliwa na wajenzi, ilhali kila mita ya pori hilo ilipiganiwa na watu waliohudhuria vikao, wakaandika barua na kukataa kuchoka.

Shughuli inayowavutia watoto kuliko zote katika kituo cha namna hii ni uvuvi wa bwawani, ambao ni uchunguzi wa viumbe wadogo wa majini na hauhusiani na kitoweo. Utaratibu wake ni mwepesi, lakini una adabu zake. Kwanza sinia jeupe la plastiki hujazwa maji ya bwawa lenyewe na wala si ya bomba, kwa kuwa maji ya bomba hutiwa dawa ya klorini ambayo inaweza kuwadhuru viumbe. Kisha mtoto, akiwa amepiga magoti juu ya jukwaa la mbao, huupitisha wavu wenye mpini polepole kati ya mimea, kwa mwendo wa namba nane, bila kukwangua tope la chini, na kuupindua ndani ya sinia. Kwa muda wa mwanzo haonekani kitu isipokuwa majani na maji yaliyochafuka, na hapo ndipo mtu mzima asiye na subira huliharibu somo kwa kutamka kwamba hamna kitu na kwamba wavu urudishwe majini. Akingoja kidogo, tope hutuama, na kile kilichodhaniwa kuwa uchafu huanza kutembea.

Hutokea konokono waliobeba nyumba zao, viroboto wa maji wanaorukaruka kama vumbi kwenye mwanga, na mdudu aogeleaye chali, ambaye huyatumia makasia yake mawili marefu, yaani miguu ya nyuma, kujisukuma akiwa tumbo juu maisha yake yote. Hutokea pia kijiti ambacho mtoto angekitupa, mpaka aone miguu ikichomoza upande mmoja, na hapo hufahamishwa kwamba ni tunutu, yaani mdudu ambaye hajakomaa, aliyejijengea ala ya vijiti na chembe za mchanga akiziunganisha kwa nyuzi anazozitoa mdomoni, ili samaki na wadudu wakubwa wamkose. Mwezi Februari na Machi bwawa hujaa mayai ya vyura, yaliyoshikana kama uji mzito wenye vitone vyeusi, na wiki chache baadaye hujaa viluwiluwi. Anaweza pia kuonekana mnyama mwenye umbo la mjusi, ambaye kwa hakika ni amfibia wa jamii ya salamanda, yaani mnyama anayeanza maisha majini akivuta pumzi kwa matamvua, kisha akahamia nchi kavu akiwa na mapafu.

Lakini bingwa wa sinia ni tunutu wa kereng'ende. Kwa umbo hana uzuri wowote: rangi yake ni ya tope, miguu ni sita, macho ni makubwa, na mwendo wake ni wa kunyemelea. Chini ya kichwa chake umekunjwa mdomo wa chini ulio na umbo la mkono wenye kiwiko, na ncha yake ina kulabu mbili. Kiluwiluwi anaposogea karibu, mkono huo hufyatuka mbele kwa kasi ambayo jicho la mtu haliwezi kuifuata, humnasa, na humleta kinywani. Matamvua yake yamo ndani ya sehemu ya mwisho ya utumbo, ambako huyaingiza maji na kuyatoa, na akitishwa huyatoa kwa nguvu ili yamsukume mbele. Kiumbe huyu anaweza kukaa majini mwaka mmoja, miwili au zaidi kutegemea aina yake, kisha siku moja hupanda juu ya unyasi, ngozi yake ikapasuka mgongoni, na kutoka kereng'ende mwenye mabawa yaliyosinyaa, ambaye hana budi kutulia mpaka mabawa yajae na kukauka. Mabadiliko hayo huitwa metamofosisi, na mwanafunzi huyakariri darasani kwa mchoro wa mishale. Mtoto aliyemwona tunutu akimnasa kiluwiluwi kwenye sinia, kisha akalikuta gamba tupu limeng'ang'ania unyasi, hahitaji tena kuukariri mchoro huo.

Baada ya kutazama huja kazi ya kutambua. Mtoto hupewa karatasi ya maswali yanayofuatana: je, kiumbe huyu ana miguu? Kama anayo, ni mingapi? Ana mkia? Umegawanyika mara ngapi? Kila jibu humpeleka kwenye swali jingine, mpaka abaki na jina moja tu. Karatasi hiyo nyepesi ndiyo mlango wa taksonomia, ambayo ni elimu ya kuwapanga viumbe katika makundi kwa kufuata sifa zao, na mtoto wa miaka sita huitumia bila kujua kwamba anafanya kazi ya wanasayansi. Mwisho wa yote, sinia hushushwa taratibu hadi usawa wa maji na viumbe wote hurudishwa walikotoka. Sharti hilo halina msamaha, hata mtoto akilia kwamba anataka kwenda na konokono nyumbani, na pengine ndilo somo zito kuliko yote ya siku hiyo.

Mzazi aliyekulia Mwanza, Kisumu au Unguja ana sababu nzuri ya kusitasita anapoona mwanawe akiambiwa atie mkono bwawani. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki maji matamu yaliyotuama, na kingo za ziwa pia, yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka kwa konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na visipotibiwa huharibu kibofu, ini au utumbo kwa miaka mingi. Onyo la bibi kwamba mtoto asicheze dimbwini lilikuwa na msingi wa kitabibu hata kama bibi mwenyewe hakulieleza kwa maneno ya daktari. Kichocho cha binadamu hakiambukizwi katika mabwawa ya Uingereza, na kwa hiyo hofu hiyo inaweza kuwekwa kando. Hata hivyo maji ya bwawa si safi popote yalipo, na panya wa mjini wanaweza kuyatia bakteria wa ugonjwa wa leptospirosisi kwa mkojo wao. Ndiyo maana vituo husisitiza kwamba kidonda au mchubuko ufunikwe kwa plasta, mikono isipelekwe kinywani, na kila mmoja anawe kwa sabuni kabla ya kula. Palipo na maji, mtoto mdogo hasogezwi ukingoni bila mtu mzima wa kumshika, na kanuni hiyo ni ya London kama ilivyo ya Ukerewe.

Wazo la kuwapa watoto wa jijini kipande cha pori lao wenyewe lina ukoo wa kufurahisha, na sehemu ya ukoo huo inapita Afrika Mashariki. Mwaka 1960 mwanabiolojia Julian Huxley alitumwa na UNESCO kuitazama hali ya wanyamapori wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, na aliporudi aliandika katika gazeti la The Observer makala zilizoonya kwamba wanyama hao wangeweza kutoweka. Mmoja wa watu walioshughulika kuligeuza onyo hilo kuwa taasisi alikuwa Max Nicholson, mkuu wa idara ya serikali ya Uingereza iliyosimamia hifadhi za asili, na matokeo yake yalikuwa kuanzishwa kwa mfuko wa kimataifa wa wanyamapori, WWF, mwaka 1961. Mwezi Septemba mwaka huohuo, miezi michache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, Julius Nyerere alitoa tamko la Arusha juu ya wanyamapori, ambalo liliutangazia ulimwengu kwamba serikali ya nchi hiyo changa ingeubeba wajibu wa kuulinda urithi huo kwa ajili ya wajukuu wa watu wake.

Nicholson hakuona kwamba kazi ilikuwa Serengeti peke yake. Mwaka 1977, kwa fikra yake, uwanja uliokuwa maegesho ya malori karibu na daraja la Tower Bridge uligeuzwa kuwa bustani ya ikolojia ya kwanza ya mjini nchini Uingereza, na neno ikolojia hapa lina maana ya elimu ya uhusiano wa viumbe na mahali wanapoishi. Bustani hiyo ilipewa jina la William Curtis, mtaalamu wa mimea wa karne ya 18 aliyechapisha kitabu kikubwa cha mimea iliyoota yenyewe ndani na kandokando ya London. Udongo uliletwa, bwawa likachimbwa, na watoto wa shule za mitaa ya jirani, ambao wengi wao waliishi katika maghorofa yasiyo na ua, walianza kuja na walimu wao kutazama vipepeo juu ya ardhi iliyokuwa ikinuka dizeli. Ilikuwa ardhi ya kuazima. Mwaka 1985 mwenye ardhi aliitaka kwa ajili ya ujenzi, na bustani ikafungwa. Hasara hiyo ilikuwa chungu, lakini kwa muda wa miaka minane ilikuwa imethibitisha jambo ambalo wapangaji wa miji hawakuliamini, kwamba bwawa na mimea ya kienyeji vinaweza kustawishwa juu ya kifusi na kwamba viumbe huja wenyewe. Na mwaka ambao bustani ya Curtis ilifungwa ndio mwaka ambao Camley Street ilifunguliwa.

Kuna vituo vingine, na kila kimoja kina ladha yake. Huko Forest Hill, kusini mwa jiji, Makumbusho ya Horniman, ambayo mfanyabiashara wa chai Frederick Horniman aliwapa watu wa London mwaka 1901, yana chumba ambamo maelfu ya vitu vya makusanyo yake hushikwa mikononi na watoto, na nje yake kuna njia ya maumbile iliyowekwa juu ya reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1954. Bustani za Kew zilifungua bustani ya watoto mwaka 2019, kubwa na ya kupendeza kwa kweli, ila kiingilio chake kwa familia yenye watoto watatu na wazazi wawili si kitu cha kulipa kila mwezi.

Mashamba ya mjini yanahitaji neno la ziada. Haya ni viwanja ambamo mbuzi, kondoo, kuku na punda hufugwa katikati ya makazi ya watu ili watoto wapate kuwalisha na kuwatunza. La kwanza nchini, Kentish Town City Farm, lilianza mwaka 1972, na la Mudchute, katika eneo la Isle of Dogs, lipo juu ya vilima vya udongo uliochimbwa karne ya 19 lilipojengwa gati la Millwall, ardhi ambayo wakazi waliiokoa mwaka 1974 isijengwe maghorofa. Kwa familia ya Kiafrika mahali hapa pana faida ambayo haipatikani makumbusho. Babu aliyekuja kuwatembelea wajukuu akitokea Machakos au Pemba, ambaye ndani ya nyumba ya London hana analoulizwa kwa sababu hajui kutumia simu ya mtoto wala kusoma ratiba ya treni, akifika kwenye zizi huwa ndiye mwalimu: anajua mbuzi mwenye mimba kwa kumtazama, anajua kuku anayetaka kuatamia, anajua kwa nini mbuzi hakubali majani yaliyokanyagwa. Mjukuu humwona babu yake upya, na lugha ya somo hilo, kwa kawaida yake, ni Kiswahili.

Katika mtaa wa Barnes, magharibi mwa jiji, kipo kituo kikubwa cha ardhi oevu, yaani ardhi inayokaa na maji muda mrefu wa mwaka, chenye eneo la zaidi ya hekta 40. Kilifunguliwa mwaka 2000 mahali palipokuwa na matangi manne ya maji ya kunywa yaliyojengwa enzi ya Malkia Victoria, na ni tunda la fikra za Peter Scott, mchoraji na mtaalamu wa ndege ambaye naye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa WWF. Hapa mtoto hujifunza jambo ambalo linamhusu mtoto wa Kiafrika kwa namna ya pekee. Baadhi ya ndege anaowaona London wakati wa kiangazi ni wasafiri wa Afrika: mbayuwayu wa mchangani, wanaotoboa viota kwenye ukuta wa mchanga uliotengenezwa kwa ajili yao hapo Barnes, hurudi kila mwaka wakitokea ukanda wa Saheli. Teleka, ndege weusi wenye mabawa ya mundu, huingia jijini mwezi Mei na kuondoka mwanzoni mwa Agosti kuelekea bonde la Kongo na nchi za kusini mwake, na uchunguzi wa wanasayansi wa Sweden uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baadhi yao hukaa angani miezi kumi bila kutua. Kekeo wa Uingereza, ambao tangu mwaka 2011 wamekuwa wakifungwa vifaa vidogo vya kufuatiliwa na setilaiti, wameonekana wakipitisha majira ya baridi katika misitu ya Kongo. Mtoto wa Kikongo au wa Kitanzania aliyezaliwa London, ambaye shuleni huulizwa ametoka wapi hasa, ana haki ya kuambiwa kwamba angani juu ya kichwa chake wamo viumbe ambao ni wa pande zote mbili na hakuna anayewahoji.

Pamoja na utajiri huo, familia za Kiafrika hazionekani sana katika vituo hivi. Takwimu za wakala wa serikali wa Natural England zimeonyesha kwamba watoto wa kaya za weusi na za Waasia hufika kwenye maeneo ya asili kwa uchache kuliko wenzao. Sababu hazihitaji kutafutwa mbali: wazazi wengi hufanya kazi za zamu, Jumamosi ni siku ya madrasa au ya mafunzo ya ziada, Jumapili ni ya ibada na ya kutembeleana, nauli ya watu watano ni fedha, na baridi ya mwezi Januari haimvutii aliyezaliwa Tanga. Ipo pia sababu ambayo watu huona haya kuitaja, nayo ni hisia kwamba tope ni dalili ya ufukara, na kwamba mzazi hakuvuka bahari ili mwanawe arudi kuchezea udongo. Hisia hiyo inaeleweka, lakini inamnyima mtoto. Dada wawili, Rachel na Margaret McMillan, walipofungua chekechea ya wazi Deptford mwaka 1914, kwa ajili ya watoto wa mtaa uliokuwa miongoni mwa maskini kabisa wa London, waliweka bustani na udongo mbele ya kila kitu, kwa imani kwamba mtoto wa fukara anavihitaji jua, hewa na mimea kuliko mtoto wa tajiri, ambaye amezaliwa navyo. Miaka zaidi ya mia imepita na hakuna sababu ya kuwapinga.

Mtu mzima anayemfuata mtoto bwawani halazimiki kuwa mjuzi wa wadudu; analotakiwa ni kusikiliza. Jane Goodall, aliyezaliwa London mwaka 1934, alisimulia mara nyingi jinsi alivyojificha bandani mwa kuku kwa saa kadhaa akiwa mdogo ili aone yai linatokea wapi, huku watu wa nyumbani wakimtafuta kwa hofu, na jinsi mama yake, Vanne, alipomwona akija mbio, hakumgombeza bali aliketi akasikiliza habari ya yai. Mama huyohuyo alifuatana naye Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1960, wakati binti alipoanza utafiti wa sokwe ambao ungempa sifa ulimwenguni. Goodall, aliyefariki mwaka 2025, aliirudisha fadhila hiyo mwaka 1991 alipokutana na kundi la wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam na kuanzisha programu ya vijana ya Roots & Shoots, ambayo sasa imo katika nchi nyingi.

Afrika Mashariki, kwa hiyo, haianzi kutoka sifuri. Kenya ilianzisha vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi mwaka 1968, vya kwanza vya aina yake barani, na Tanzania ikafuata mwaka 1980 kwa vilabu vya Malihai. Kisiwani Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, hifadhi ya matumbawe iliyotambuliwa na serikali mwaka 1994 huwapokea wanafunzi wa shule za Unguja, wengi wao wakiwa watoto wa visiwa ambao hawakuwahi kutia uso chini ya maji wakatazama. Huvaa miwani ya kuzamia, hushikilia maboya, na walinzi ambao baadhi yao walikuwa wavuvi huwaonyesha bustani iliyoko chini ya miguu yao. Hapo kanuni inageuka, kwa kuwa tumbawe likiguswa huweza kudhurika au kufa, na mkono hupaswa kutulia ili jicho lifanye kazi. Mahali ambapo kichocho kinazuia uvuvi wa bwawani, pwani ina dimbwi salama zaidi, yaani maji yanayobaki miambani bahari inapokupwa, ambamo viti vya pweza, majongoo bahari na kaa wadogo hukaa wakingoja maji kujaa. Na bara, beseni la maji ya mvua lililowekwa kivulini na kumwagwa kabla mbu hawajakomaa humwezesha mwalimu kufundisha maisha ya mdudu kwa gharama ya beseni tu.

Kinachokosekana ni ardhi. Msitu wa Karura, Nairobi, ambamo leo familia hutembea na watoto wao siku za mapumziko, uko pale kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa Januari 1999 ili usigawiwe wajenzi. Viwanja vya wazi vya shule katika miji mingi ya Afrika Mashariki havijapata watetezi wa namna hiyo, na kila mwaka vingine huzungushiwa ukuta. Kamati ya shule yenye robo ekari isiyotumika ingefanya jambo la maana kuipima, kuiandikisha kwa jina la shule, kuacha pembe moja iote nyasi, na kupanda miti ya kienyeji kabla mtu mwingine hajaipangia kazi.

Kwa wazazi walioko London shauri ni jepesi zaidi. Camley Street haitozi kiingilio, na ni mwendo mfupi wa miguu kutoka kituo cha King's Cross. Uvuvi wa bwawani hunoga kati ya Aprili na Septemba, na inafaa kuuliza mapema siku zinazopangwa kwa familia. Mtoto avalishwe gambuti na nguo ambazo hakuna atakayezilaumu, chakula kifungwe nyumbani, na simu ikae mfukoni. Vyama vya Watanzania, Wakenya, Waganda na Wakongo, ambavyo hupanga sherehe za uhuru kwa ustadi mkubwa, vinaombwa vipange pia siku moja ya mwezi Juni, viwachukue bibi na babu, na viwapeleke watoto bwawani.